Jinsi ya kuionja PBR ukajua maoni yako ni yapi

Wakuu heshima mbele. Hii naiandika zaidi kwa ndugu walioko Marekani, hasa waliofika karibuni, ila hata we uliye Arusha au Mombasa au Bukavu ambaye una mtu wako huku anakusimulia habari za bia za wazungu inaweza kukufaa.

Mambo huwa yanaanza hivi. Umefika, umepata kazi, wikiendi ya kwanza ya joto wenzako wa kazini wanakualika uani kwao wanachoma soseji, mtu anazamisha mkono kwenye ndoo ya barafu anakupa kopo jeupe lenye utepe wa bluu, Pabst Blue Ribbon, wenyewe wanaiita PBR kwa kifupi. Unapiga mafunda mawili. Anakuuliza vipi, we kwa adabu unasema nzuri, alafu usiku unapiga simu nyumbani unamwambia kaka yako bia za huku ni maji tu. Basi umeshahukumu, na hukumu hiyo utakaa nayo miaka kumi hujairudia.

Mi nakaa Milwaukee jimbo la Wisconsin, mji ilikozaliwa hiyo bia, na nimesikia watu wakiisema kila namna, kuna anayesema ni takataka, kuna anayesema ndo bia pekee ya kweli iliyobaki, kuna anayesema inanuka mahindi, kuna anayesema inateleza kama nini. Nimekaa nao wote hao baa. Nilichokuja kukiona ni kwamba karibu kila mtu anayeiongelea, awe anaisifia awe anaiponda, hasemi habari ya kilichomo ndani ya kopo. Anasema habari ya bei, au habari ya lile kopo lenyewe, au habari ya watu anaowaona wamelishika. Ulimi haujaulizwa kabisa. Na hilo linaniuma kwa kweli, maana hela ni yako na mdomo ni wako, kwa nini uazime maoni? Kwa hiyo hapa naeleza namna ya kuuliza ulimi wako, na namna ya kuelewa mtu mwingine akikwambia neno kuhusu bia hii anamaanisha nini hasa.

Kwanza jua unachokunywa

Kampuni ilianza Milwaukee mwaka 1844, aliyeianzisha ni Mjerumani aitwaye Jacob Best. Frederick Pabst alikuwa nahodha wa meli ya abiria Ziwa Michigan, akamuoa binti wa familia ya Best, akaachana na maji ya ziwa akaingia kwenye bia, na mwaka 1889 kampuni ikachukua jina lake. Utepe wa bluu sio mapambo ya juzi, kuanzia 1882 walikuwa wanafunga utepe wa hariri kwenye shingo ya chupa, kwa mkono, chupa moja moja, na wanywaji wakawa wanaomba "ile ya utepe wa bluu" ndo jina likashika. Kuna habari ya kwamba ilishinda kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, na kopo linajivunia sana mwaka huo, ila habari ya nani alishinda pale ilikuwa na ubishi mkubwa tangu siku zile, kwa hiyo usiichukue kama kipimo cha ladha ya leo.

Ndani yake kuna maji, kimea cha shayiri, mahindi (wanayaweka kama sharubati ya mahindi), hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na chachu. Kilevi asilimia 4.8. Hapo kwenye mahindi ndo watu wengi wanapotoka mbio, wanasikia mahindi wanaona wameibiwa. Subiri. Wajerumani walipohamia huku karne ya 19 walikuta shayiri ya Marekani, ile yenye safu sita za punje, ina protini nyingi kuliko ya kwao, bia ikawa nzito na inafanya ukungu, wakachanganya mahindi au mchele ili bia iwe nyepesi na ing'ae kwenye glasi. Budweiser wao walishika mchele, wengine mahindi. Kwa hiyo haikuanza kama ujanja wa kubana matumizi tu, ilikuwa ni dawa ya tatizo la kiwandani. Baadaye ndo wepesi wenyewe ukawa mtindo wa taifa. Na sisi tuliokulia kwenye togwa, au busaa kwa wenzetu wa Kenya, tuna haki gani ya kushangaa nafaka nyingine kwenye kinywaji? Hata ile sharubati, chachu inakula sukari yake inageuza kilevi na gesi, huinywi kama ilivyoingia. Mwaka 2019 Bud Light walitoa tangazo kubwa wakati wa fainali ya mpira wa Kimarekani wakiwasema wenzao Miller Lite na Coors Light kwa kutumia sharubati ya mahindi, ukaenda mpaka mahakamani, na watu wengi waliingia hofu kwa kitu ambacho ndani ya bia iliyokwisha kuiva hakipo tena.

Sasa ukishajua hivo, jua pia kwamba bia ya aina hii inapimwa na wenzake. Waamuzi wa mashindano ya bia huku wana mwongozo wa chama chao kinachoitwa BJCP, na kwa laga ya Kimarekani, yani aina hii ya bia, wanataka uchungu kati ya 8 na 18 kwenye kipimo chao cha IBU, ni uchungu mdogo sana, na wanataka harufu ndogo, gesi nyingi, na imalizike kavu mdomoni. Kwa hiyo mtu akikwambia PBR haina uchungu, kakwambia ni laga ya Kimarekani, basi. Ni kama kulalamika uji hauna mafuta.

Kununua

Maduka mengi ya bia huku utaipata, lazima uwe na miaka 21 na kitambulisho, na hata kama una mvi watakuomba, usikasirike. Chukua ya makopo, usichukue ya chupa kwa ajili ya kazi hii. Sababu ni mwanga. Mwanga ukiipiga bia, vitu vya hopsi vinavunjika vinatoa harufu mbaya ambayo Wamarekani wanaifananisha na mnyama wao fulani anayenuka, sisi tungesema kicheche, na waliowahi kukaa shamba wakapitiwa na kicheche usiku karibu na banda la kuku wananielewa. Chupa ya kahawia inazuia mwanga vizuri, ya kijani inazuia kidogo, nyeupe haizuii kitu, kopo linazuia wote. (Miller High Life wako kwenye chupa nyeupe miaka na miaka na haiwanukii, kwa sababu wanatumia hopsi zilizotengenezwa maalum zisivunjike kwa mwanga. Nilipolijua hilo niliwaheshimu.)

Pindua kopo uangalie tarehe chini. Laga nyepesi haina pa kujifichia, ikizeeka inajulikana haraka, inakuwa na ladha ya boksi lililonyeshewa mvua. Budweiser mwaka 1996 walianza kuandika siku bia iliyozaliwa na wakasema inywewe ndani ya siku 110, na hicho ni kipimo kizuri kwa bia zote za ukoo huu. Usichukue pakiti iliyowekwa dirishani jua linapopiga, sio kwa sababu ya mwanga hapo, ni joto. Chukua ya ndani kwenye friji la duka.

Nunua tatu za aina moja: PBR, Miller High Life, na Budweiser. Ukinunua PBR peke yake hutajua chochote, ulimi unahitaji wa kumlinganisha naye.

Ya baridi au ya moto?

Hili swali la mhudumu wa baa za kwetu lina maana kubwa kuliko tunavyodhani. Huku hakuna mtu atakuuliza, utapewa ya baridi mpaka meno yanauma. Baridi kali inaua ulimi. Bia ikiwa kwenye barafu unachokisikia ni baridi na gesi, ladha hakuna, ndo maana mtu anasema "maji". Na ya moto kabisa, ile tunayoiita moto yani ya joto la chumba tu, kwa laga nyepesi inatoa utamu mwingi na harufu zote mbovu zinapanda. Mzee wangu alikuwa hanywi bia iliyoingia frijini hata siku moja na simlaumu, bia ya kwetu ina mwili zaidi, yani uzito mdomoni, inavumilia.

Kwa kuonja, weka friji la nyumbani usiku mzima, alafu toa dakika 10 mpaka 15 kabla ya kumimina. Inakuwa kwenye nyuzi 6 au 7 hivi, wao wanasema nyuzi 43 au 45 kwa Farenaiti. Hapo bado inaburudisha lakini inaongea.

Siku ya kuonja yenyewe

Ita watu watano au sita. Changanya, usiite wa kwenu tu. Mi nilikuwa na Mkenya mmoja aliyeapa kwamba bila Tusker hakuna bia, jamaa wa Bukavu ambaye kwake chupa ya bia ni ile Primus kubwa ya sentilita 72 na chini ya hapo anaona unamtania, dada mmoja wa Moshi aliyekua na mbege nyumbani, na majirani wawili wazawa wa hapa Wisconsin. Fanya kabla ya kula. Nyama choma ikishapita mdomoni na pilipili na kachumbari hamna kitu kitakachoonjwa tena. Asiwepo aliyejipulizia manukato mengi, na wavuta sigara wamalize nusu saa kabla.

Mmoja asionje. Huyo ndo mmiminaji na ndo dereva wa kuwarudisha watu, kazi mbili kwa mtu mmoja, tena mheshimuni sana siku hiyo. Yeye peke yake jikoni, mlango umefungwa, na makopo hayaonekani na mtu. Vikombe tumia vile vyekundu vya plastiki ambavyo Wamarekani wanavyo kila sherehe, uzuri wake ni kwamba ukivitazama kwa pembeni huoni rangi ya kilichomo. Vikombe viwe vya aina moja vyote na vipya. Anamimina kama mililita 60 tu kila kikombe, funda mbili tatu, sio zaidi. Vikombe asiandike A, B, C wala 1, 2, 3, kwa sababu mtu akiona A au 1 moyo wake unaenda huko wenyewe. Aandike namba za tarakimu tatu za ovyo, 417, 862, 359, na akae na karatasi yake ya siri. Na kila mtu apate mpangilio tofauti, maana kikombe cha kwanza mdomo una kiu huwa kitamu zaidi kuliko kilivyo.

Weka maji na mikate mikavu isiyo na chumvi katikati. Alafu sheria moja ambayo usikubali ivunjwe, kila mtu aandike kwanza ndo aongee. Mtu mmoja mwenye sauti nene akisema "hii inanuka" basi mezani wote wataanza kunusa hiyo harufu.

Mzunguko wa kwanza ni wa vikombe vitatu ambavyo viwili ni bia moja na kimoja ni nyingine, mfano PBR mbili na High Life moja. Swali ni moja tu, kipi ni mgeni? Hapa ndo heshima za watu zinapokutana na ukweli. Kwa kubahatisha tu mtu anapata mara moja kwenye tatu, kwa hiyo mkijaribu mara 12 mkapata 4 mmebahatisha, mpaka mfike 8 ndo mnaweza kusema kweli tunaona tofauti. Sisi tulikuwa sita tukafanya kila mtu mara mbili, tukapata 6 kwenye 12. Kimya kikatanda sebuleni. Watu ambao dakika tano nyuma walikuwa wanabishana kwa mishipa ya shingo bia ipi ni bora hawakuweza kusema ipi ni ipi.

Na wala hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1964 watafiti wawili wa huku, Allison na Uhl, walichapisha utafiti wao, waliwapelekea wanywaji bia nyumbani zikiwa hazina lebo, wakashindwa kutofautisha, wakazipa alama zinazokaribiana. Baadaye wakapelekewa zilezile zikiwa na lebo, kila mtu akaipandisha ile ya kwake. Miaka 60 imepita na bado tunafanya hivohivo.

Mzunguko wa pili ni bia zote, kikombe kimoja kimoja, kila mtu anapanga ya kwanza mpaka ya mwisho na kuandika maneno mawili ya kwa nini. Yule Mkenya alikuwa amekuja na Tusker yake kutoka duka la vitu vya Kiafrika, tukaiingiza kimyakimya, akaionja akaandika "hii Budweiser". Aliposomewa alishika kichwa, alafu akaomba apewe tena zote aonje upya akiwa ametulia, na huo ndo moyo ninaoutaka mie.

Mzunguko wa tatu watu wanausahau na ndo wenye somo. Leta makopo mezani, kila mtu aone, taja bei, alafu onjeni tena zilezile. Utaona alama zinavyohama. PBR itashuka kwa baadhi ya watu na itapanda kwa wengine, na bia haijabadilika hata tone. Kuna utafiti mwingine wa 2006, walienda kwenye baa za Cambridge kule Massachusetts wakaweka matone machache ya siki ya balsamiki kwenye bia. Wasioambiwa wengi waliipenda kuliko ya kawaida. Walioambiwa baada ya kuonja nao wakaipenda vilevile. Walioambiwa kabla ya kuonja, wengi wakaikataa. Yani neno likiingia masikioni mapema linageuza ladha yenyewe, halibadilishi adabu tu. Ndo maana nasisitiza mmiminaji asifungue mdomo.

Jumla ya hapo mtu kanywa kama makopo mawili hivi, sio nyingi, ila gari asiguse. Huku Wisconsin wakikupima wakakuta asilimia 0.08 ya kilevi kwenye damu au zaidi ni kesi, na kwetu wenye karatasi za uhamiaji kesi hiyo inaweza kukufuata mpaka kwenye viza.

Maneno ya wanywaji na maana zake

Sasa ukishaonja hivyo unaweza kusikiliza maoni ya wengine kwa sikio jipya. Nitapitia yale ninayosikia kila mara.

"Maji." Hili nimeshaligusa. Mara nyingi maana yake ilikuwa baridi sana, au msemaji amezoea bia zenye hopsi nyingi ambazo ukilinganisha nazo kila kitu ni maji, au ametoka kwetu alikozoea Safari yenye asilimia 5.5. Muulize umelinganisha na nini, atakwambia mwenyewe.

"Inanuka mahindi." Hili linaweza kuwa kweli. Kuna harufu ya mahindi ya kuchemsha, ile ya sufuria la mahindi ya kituoni jioni ukifungua kifuniko. Watu wanadhani inatoka kwenye mahindi yaliyomo, lakini hasa inatoka kwenye kimea cha shayiri wakati wa kupika, kitaalamu wanaiita DMS. Kidogo inakubalika kwenye bia hizi. Ikijaa glasi nzima ujue kuna shida.

"Tufaa bichi." Ukisikia harufu ya tufaa la kijani ambalo halijaiva, au kama ganda la boga lililokatwa sasa hivi, huyo ni asetaldehaidi, bia imetolewa kwenye tangi mapema kabla chachu haijamaliza kazi. Budweiser ina kidogo kwa asili yake na wapo wanaoipenda kwa hicho. "Siagi" au "bisi" ni kitu kingine, ukikutana nacho kwenye bia ya bomba baa basi mara nyingi mpira wa bomba haujasafishwa, usiihukumu bia, badilisha baa.

"Ina ladha ya chuma." Hili ni la kopo na karibu kila mtu anakosea. Ndani ya kopo kuna utando, bia haigusani na alumini. Unachokisikia ni mdomo wako na pua yako viko juu ya mfuniko wa chuma wakati unakunywa. Mimina kwenye glasi, simamisha povu vidole viwili, harufu ya chuma inaondoka na gesi ya ziada inatoka tumbo halijai. Nawasihi sana, hata kama ni bia ya bei ya chini, mimina kwenye glasi. Ni kitu kidogo kinachobadilisha kila kitu.

"Inateleza." Hii ndo sifa yake ya kweli kwa maoni yangu. Gesi nyingi, mwili mwepesi, inamalizika kavu haibaki ulimini. Baada ya kazi ya kusimama saa 10 kwenye ghala, unafika nyumbani mgongo unawaka, hutaki bia ya kufikiria. Kwenye karatasi yangu kabla sijajua ni ipi niliandika "utamu kidogo mwanzo, mkate mweupe, inaisha haraka", na ilikuwa ndo PBR, na niliiweka ya pili nyuma ya High Life. Mpaka leo msimamo wangu ni huohuo.

"Inaumiza kichwa, bia za bei rahisi zote zinaumiza kichwa." Angalia amekunywa ngapi. Bei ikiwa chini mkono unakuwa mwepesi. Kopo moja la mililita 355 lenye asilimia 5 huku linahesabiwa kama kinywaji kimoja, gramu 14 za kilevi, iwe ya dola moja iwe ya dola nane. Kunywa maji kati ya kopo na kopo, kula kabla, alafu uniambie.

Angalia nani anasema

Mzee wa Milwaukee akiikunja uso PBR, usimbishie ladha. Mwaka 1977 hii kampuni iliuza mapipa milioni 18, ilikuwa kati ya wakubwa wa nchi, nusu ya mtaa wake ilikuwa inakula mkate wa pale. Mwaka 1996 kiwanda cha hapa kikafungwa. Majengo bado yapo, matofali yaleyale, siku hizi kuna hoteli na nyumba za kupanga na sehemu ya kutembeza wageni yenye sanamu ya nahodha Pabst uani, na bia yenyewe kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa inapikwa na wengine kwa mkataba, hasa Miller ambaye alikuwa mshindani wake mji huohuo. Mzee akishika hilo kopo anashika kazi ya baba yake. Hiyo ladha haiko kwenye kikombe chekundu na hakuna testi itakayoipima. Kaa naye tu umsikilize.

Kijana wa miaka ya 2000 akiisifia, nayo ina historia yake. Mauzo yalikuwa yameanguka kabisa ilipofika 2001, alafu vijana wa Portland kule Oregon, waendesha baiskeli za kupeleka barua na wapiga muziki, wakaishika kwa sababu ilikuwa rahisi na haikuwa inawapigia kelele kwenye televisheni. Ikawa alama ya kwamba hununuliki na matangazo. Philadelphia nako kopo la PBR na kipimo kimoja cha whisky ndo kifurushi kinachojulikana mji mzima. Wengi wao waliipenda kweli, sikatai, ila walianza kuipenda kabla hawajaifungua.

Na ukitaka kuona bei inavyofanya kazi, mwaka 2010 China walikuwa wanauza bia yenye jina hilohilo la utepe wa bluu, imeandikwa 1844, kwa dola 44 hivi chupa moja. Ilipikwa tofauti, ikalazwa kwenye mapipa ya mbao, sio hii ya kopo. Lakini huku Milwaukee watu walipoambiwa walisimama wakaangalia kopo lao mara mbili.

Wapenzi wa bia nzito wao watakupa alama moja kwenye tano. Waheshimu, wana ulimi uliozoezwa, ila waulize swali la BJCP, kwa laga nyepesi je, ina kasoro gani? Wengi wakiulizwa hivo wanatulia wanasema haina kasoro, hawaipendi tu. Hayo ni maoni safi na mtu anaweza kuishi nayo.

Makopo yatakayobaki

Yatabaki tu. Huku Ijumaa ni siku ya samaki wa kukaanga, mji mzima, kuanzia makanisani mpaka baa, na bia hii inaingia kwenye unga vizuri kuliko bia ya gharama kwa sababu haina uchungu wa kubaki kwenye samaki. Chukua kikombe cha unga wa ngano, chumvi, paprika kidogo, na pilipili manga, mimina PBR ya baridi sana (hapa sasa ndo unataka baridi kali) kidogokidogo huku unakoroga mpaka iwe kama uji wa maandazi ya maji, usikoroge sana, mabonge madogo yasikusumbue. Samaki kausha maji na taulo la karatasi, pitisha kwenye unga mkavu kwanza, alafu kwenye mchanganyiko, alafu kwenye mafuta yaliyoshika nyuzi 190 za Selsiasi. Gesi ya bia ndo inafanya ganda livimbe liwe jepesi. Likishakuwa rangi ya dhahabu toa, weka kwenye waya sio kwenye karatasi, lisilowane.

Sisi siku ile tulimalizia hivo, dada wa Moshi ndo alikaanga, akatoa na pilipili ya kusaga aliyotoka nayo kwake. Jirani yetu mmoja alikula vipande vinne akaomba aandikiwe hiyo pilipili. Jamaa wa Bukavu akamimina PBR ya mwisho kwenye glasi, akaweka povu vidole viwili kama nilivyomuonyesha, akaiangalia kwenye taa, akanywa, akasema inapita. Nikamuuliza inapita kwa kulinganisha na nini. Akafikiria kwanza, alafu akasema, na samaki.